Barua kwa Mwenye Lupango



Tangu tumalize mambo ya nyumba yetu ya Katuba, wengi wametuuliza, sokoni, kanisani na hata kwenye mlango wa masomo: «Mulipata ile lupango namna gani bila komisioneri?» Jibu ni fupi: tuliandika barua. Lakini jibu fupi linaficha kazi yenyewe. Linaficha vilevile jambo moja zito ambalo barua zetu zilituletea, nasi hatukulitafuta. Ndiyo maana tumeomba nafasi kwenye gazeti letu la juma hili, tueleze yote kwa utaratibu, ili mwenye kutaka kufuata njia hii aifuate akiwa na macho wazi.

Kwa nini lupango

Sisi ni wamama 11. Kati yetu kuna wanaouzisha samaki na makala, kuna mshonaji, kuna muuguzi, na sisi waalimu tuko 3. Kwa miaka mingi tulicheza likelemba kama kila mtu: mwezi huu anapokea huyu, mwezi ujao yule. Likelemba ni kitu kizuri. Imezika wafu wetu na imelipa minervali ya watoto wetu. Lakini mwisho wa mwaka kila mmoja alibaki pale pale alipokuwa. Ndipo tukapatana kuacha kugawa, tukaanza kuweka: dola 20 kwa kila mama, kila mwezi, kwa muda wa miaka 4. Mukifanya hesabu mutapata dola 10 560.

Munajua shida ya feza iliyowekwa. Franka inapoteza nguvu, na dola iliyofichwa nyumbani inaita mikono: leo ugonjwa, kesho kilio, kesho kutwa shemeji mwenye safari. Tulitaka feza yetu iende mahali ambapo mtu hawezi kuiomba, ni kusema kwenye matofali na mabati. Tangu 2019 masomo ya msingi ya Serikali hayalipishwi tena, lakini sekondari inalipishwa, na watoto hawangoji kukua. Nyumba ndogo yenye milango miwili ya kupangisha inaweza kusindikiza watoto hadi diploma ya Serikali.

Njia ya makomisioneri

Mwanzoni tulifuata njia ya kila mtu. Komisioneri mmoja alituonyesha nyumba. Juma lililofuata komisioneri mwingine akatuonyesha nyumba ile ile, na bei imepanda. Nyuma ya yule wa pili kulikuwa wa tatu, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuweka sehemu yake ndani ya bei. Hatusemi kwamba wote ni wabaya. Kuna baba wanaolisha watoto kwa kazi hiyo, na wanaifanya kwa ukweli. Lakini miezi 3 tuliyotembea nao, hatukuona uso wa mwenye nyumba hata mmoja.

Nyumba isiyo na uso ni hatari. Pita kwenye avenyu yoyote ya Lubumbashi, au ya Kinshasa, au ya Bukavu, utaona maneno makubwa kwenye ukuta, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili: lupango hii haiuzwi. Mwenye nyumba hapaki rangi ile kwa kupamba. Anaipaka kwa sababu mtu fulani, mara nyingi mtu wa damu yake, alijaribu kuiuzisha akiwa safarini au hospitalini. Tulijiuliza: tutajuaje kwamba anayetuuzishia ndiye mwenyewe? Tukaona dawa ni kuanza kwa mwenyewe.

Barua za Marekani

Wazo la barua lilitoka mbali. Mdogo wa mmoja wetu anaishi Marekani, na amenunua nyumba huko. Siku moja alimwambia dada yake kwenye telefone kwamba anapokea barua za watu asiowajua, wakimwomba awauzishie nyumba yake. Barua inamwita kwa jina, inataja namba ya nyumba na barabara yake, na maandishi yanafanana na ya mkono. Kwanza tulicheka. Kisha tukamwomba atueleze zaidi.

Huko, majina ya wenye nyumba yameandikwa katika vitabu vya wilaya, na mtu yeyote anaweza kuvisoma. Wanaofanya biashara ya nyumba wanachagua humo: wale wanaoishi mbali na nyumba yao, wale waliorithi, wale waliochelewa kulipa kodi. Wanawatumia barua kwa mamia, hata kwa maelfu, na baada ya majuma machache wanatuma tena, kwa maana wengi wanatupa ile ya kwanza bila kuifungua. Wanaojibu ni wachache sana. Lakini mmoja akikubali, gharama yote ya posta imerudi. Na yale maandishi ya mkono, mara nyingi ni mashine inayoiga mkono wa mtu.

Tulichukua kitu kimoja tu: kumwandikia mwenye nyumba kwa jina lake na kumwambia sisi ni nani. Mengine tuliyaacha huko. Sisi hatuna vitabu vya majina vinavyofunguliwa kwa kila mtu, wala hakuna mtu wa posta anayegonga mlango kwetu. Zaidi ya hayo, mtu anayetuma barua elfu moja katika nchi kubwa hatakutana kamwe na yule ambaye barua ilimwumiza. Sisi tutakutana naye kwenye bomba la maji.

Kutafuta majina

Siku tatu za posho tulitembea wawili wawili kwenye avenyu za Katuba na za komini ya Kenya, kaye mkononi. Kwenye kila ukurasa tulipiga mistari minne: namba ya lupango, jinsi ilivyo, nani anakaa ndani, na nani anajua mwenyewe yuko wapi. Tulitazama nini? Majani marefu mbele ya mlango. Msingi uliosimama miaka mingi bila ukuta kuongezeka. Nyumba yenye wapangaji watupu, ambao wanalipa kwa mtu wa kati. Embe zilizooza chini ya mti, kwa maana penye watoto embe haipati nafasi ya kuoza. Penye maandishi ya «haiuzwi» tulipita bila kuandika kitu: mwenyewe amekwisha kujibu.

Kisha tuliuliza. Tulianza kwa shefu wa mtaa, kwa heshima na waziwazi, ili mtu asiseme kwamba tunapeleleza nyumba za watu. Baada yake tulikaa na mama wazee wanaouzisha makala na nyanya kwenye kona, kwa maana kitabu cha majina cha mji wetu ni wao. Mama wa kona anajua kwamba baba huyu alifanya kazi ya reli, akapata pansiyo, akamfuata binti yake Likasi. Anajua kwamba mwingine ameoa Kolwezi na harudi tena. Anajua pia nani amekufa, na nani amebaki ndani.

Tulitoka na lupango 24 ambazo tulijua jina kamili la mtu wa kumwandikia. Penye mashaka hatukuandika. Jina lililokosewa kwenye barua ni kama kumwita mwanafunzi kwa jina la mdogo wake: amesikia, lakini amejua kwamba humjui.

Kuandika

Kazi ya kuandika ilituangukia sisi waalimu. Kwenye ISP tulifundishwa kutayarisha fishi ya somo: kabla ya kuingia katika kalasi, andika lengo lako, na lengo liwe moja. Tulifanya barua hivyo. Lengo letu halikuwa kununua nyumba kwa barua. Hakuna mtu anayeuzisha nyumba kwa sababu ya karatasi moja. Lengo lilikuwa mwenye lupango akubali kutuona.

Tuliandika kwa mkono, kwa biki ya bleu, kila barua peke yake, isizidi ukurasa mmoja. Kwa wengi tuliandika kwa Kiswahili. Kwa wawili tuliojua kwamba wanapenda Kifaransa, tuliandika Kifaransa. Tunaweka hapa barua moja, majina tumeyaondoa:

«Baba mpendwa, tunakusalimu wewe na nyumba yako yote. Sisi ni wamama 11 wa mji huu. Majina yetu yako chini, na shefu wa mtaa anatujua. Tumeweka akiba kwa miaka 4 ili tununue lupango moja ya kupangisha, itusaidie kwa masomo ya watoto. Tumeona lupango yako na mwembe wake. Hatukusikia kwamba unaiuzisha, na hakuna mtu aliyetutuma. Tunakuuliza wewe mwenyewe tu: kama siku moja unawaza kuiacha, tunaomba kuja kukusalimu na kuzungumza na wewe pamoja na wote wenye haki juu ya lupango hiyo. Kama hapana, tunakushukuru vilevile, na hatutakusumbua mara ya pili. Ubaki na amani.»

Angalieni yale ambayo hayamo. Hakuna bei. Bei ikiwa kwenye karatasi inatembea: inasomwa na mtoto, inasomwa na jirani, na kesho inaleta ugomvi katika jamaa. Hakuna neno juu ya shida ya mtu. Kuna baba tuliyejua kwamba ni mgonjwa, na kuna mama tuliyejua kwamba ana madeni. Hatukuligusa jambo hilo hata kwa mbali. Mtu akikuta ugonjwa wake kwenye barua ya mgeni, anajua kwamba watu wamekwisha kuhesabu siku zake. Na hakuna haraka: hatukusema «kabla ya mwisho wa mwezi» wala «nafasi hii haitarudi».

Yale maneno «wote wenye haki» tuliyazungumza kwa muda mrefu. Wengine waliona yanarefusha mambo bure. Mama mmoja wa kundi letu, ambaye ni mjane, aliyafanya kuwa sharti: yasipokuwamo, hataweka jina lake. Tukayaweka katika barua zote 24, na kila barua tukaiandika tena kwenye kaye ili tubaki na kopi.

Kila moja ilienda katika anvelopi iliyofungwa, hadi mkononi mwa mwenyewe. Za Likasi na Kolwezi zilisafiri na dereva wa basi tunayemjua. Mwanafunzi hatukumpa hata moja. Mwalimu hawafanyi watoto wa kalasi yake kuwa wajumbe wa biashara yake.

Majibu

Kati ya 24, waliojibu ni 7. Baba mmoja alikuja mwenyewe kwenye masomo, barua mkononi, akisema kwa sauti ya juu: «Nani amewaambia kwamba nimekufa?» Tulimpa kiti na maji, tukaisoma pamoja naye tena. Akaona hakuna mahali tulipomwua, akacheka, akarudi kwake na nyumba yake. Mama mmoja alijibu hapana, lakini aliomba kuweka akiba pamoja na sisi, na leo anaweka. Wawili walitaja bei iliyoshinda nguvu zetu. Baba mmoja mzee hakutaka kuuzisha chochote. Alitaka kujua tu kama mwembe aliopanda ungali unazaa. Tulimpelekea embe.

Wa sita alipiga telefone siku ile iliyofuata. Ilikuwa sauti ya mwanaume. Alisema lupango ni yake, anaiuzisha, na bei aliyotaja ilikuwa karibu nusu ya ile tuliyosikia kwa makomisioneri kwa lupango ya namna ile. Alikuwa na masharti mawili: feza mkononi kabla juma halijaisha, na tusifike kwenye nyumba, kwa sababu wapangaji wake ni watu wakorofi.

Sasa, barua ya lupango ile tuliiandika kwa jina la mama, mjane wa mwenye lupango, jinsi mama wa kona alivyotuelezea. Hakuna mwanaume tuliyemwandikia pale. Na tulikuwa tumesema «wote wenye haki». Kwa hiyo wawili kati yetu walikwenda kwa mama yule jioni ile ile.

Alitupokea vizuri. Tulipomwuliza juu ya barua, alijibu: «Ndiyo, ililetwa. Lakini mimi sikusoma. Nilimpa shemeji anisomee. Alisema ni karatasi ya komini, ya kodi ya lupango, akaiweka mfukoni.»

Tulikuwa na kopi. Tulimsomea polepole, mara mbili. Tulipofika kwenye «wote wenye haki» aliomba turudie. Alinyamaza, kisha akauliza: «Basi ni mimi muliniandikia?» Watoto wake 4 walikuwa ndani, wanasikia.

Mabishano yetu

Tulikutana wote 11. Musifikiri kwamba tulipatana mara moja.

Mweka hazina wetu ni mtu wa haki, na alisema hivi: «Tusiponunua sisi, atanunua mwingine, na mwingine huyo hatampa yule mama hata siku mbili. Tununue, tumwache akae kama mpangaji.» Mshonaji akasema: «Mimi pia nina watoto 5. Bei kama hii hatutaiona tena katika maisha yetu.» Hayo hayakuwa maneno ya watu wabaya. Miaka 4 ya kupika sombe bila samaki ilikuwa mbele yetu mezani.

Mjane wa kundi letu hakupandisha sauti. Alisema: «Mimi pia waliniacha nikae kama mpangaji, ndani ya nyumba niliyojenga na bwana yangu. Nililipa miezi 6. Kisha nikatoka.»

Baada ya hapo tulifungua sheria, kwa maana huruma peke yake haimalizi mabishano ya feza. Sheria ya jamaa ya 1 Agosti 1987, ambayo ilirekebishwa mwaka wa 2016, inasema kwamba watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza, na robo tatu ya mali ni yao. Robo inayobaki ni ya kundi la pili: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kwa hiyo shemeji ana nafasi, lakini ni nafasi ndani ya ile robo, na haimpi ruhusa ya kuuzisha nyumba peke yake. Mjane naye ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyoishi na mume wake. Tena, sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wote ni wa Serikali, na haki ya mtu juu ya lupango inathibitishwa na setifika ya kuandikishwa. Setifika ya pale ilikuwa ingali kwa jina la marehemu. Shemeji alikuwa anauzisha maneno. Tungempa feza ya miaka 4, na tungepokea kesi.

Hapo ndipo haki na faida zilipoanza kusema neno moja. Lakini tuseme ukweli: kama makaratasi yangekuwa safi kwa jina la shemeji, mabishano yangekuwa magumu zaidi, na hatujui yangeishia wapi. Ni vema kila kundi lizungumze jambo hilo kabla ya telefone kulia, maana bei nusu inasema kwa nguvu sana. Tulipiga kura: 9 walikataa, 2 walikubali. Wale 2 wangali pamoja nasi, na hakuna anayewahesabia.

Kisha tuliandika barua ya pili kwa mama yule, na kopi kwa shefu wa mtaa. Ilikuwa fupi: hatununui lupango hii, hatujampa mtu yeyote hata franka moja, mtu akisema kwamba wamama 11 wameinunua, amesema uongo. Tuliisoma mbele ya mtoto wake mkubwa, anayejua kusoma, ili awe macho ya mama yake. Muuguzi wetu alikuwa na rangi iliyobaki nyumbani. Siku ya posho mtoto alipanda juu ya kiti, akaandika kwenye ukuta wa mbele kwamba lupango haiuzwi.

Shemeji alitupigia telefone kwa matusi, hatukujibu. Mama angali ndani ya nyumba yake. Lakini rangi ni rangi tu. Makaratasi yangali kwa jina la marehemu, na mpaka warithi waandikwe, hatari ingaliko. Tunamsindikiza kwenye maofisi, mmoja wetu kwa zamu, na safari bado.

Jibu la Likasi

Jibu la saba lilichukua miezi 2. Lilirudi na dereva yule yule, kwa mkono wa binti aliyeandika maneno ya baba yake: «Tumeisoma, mimi na mama yenu. Mukuje.»

Tulikwenda watatu, na kilo 5 za unga, kama inavyofaa. Baba alituuliza maswali matatu: watoto wenu wanasoma wapi, mutakata mwembe, na nani ataweka sahihi. Sisi tuliomba kuzungumza na mama pia, akiwa peke yake. Alisema anakubali, kwa sababu miguu ya mzee haitawarudisha Katuba. Watoto wao walikutana, na yule aliye Zambia alisema kwenye telefone mbele ya wote kwamba hana neno.

Hapo kazi ya makaratasi ikaanza, nasi tunaisema kwa kifupi ili iwasaidie. Tuliona setifika yenyewe, si kopi. Tulikwenda kwa konservatere kulinganisha jina na namba, na kuuliza kama kuna deni la hipoteki au kesi juu yake. Tulimwomba mtu wa kadasta apime, na majirani wakatuonyesha mipaka. Baba na mama waliweka sahihi wote wawili: tangu 2016 mke haombi tena ruhusa ya mume wake, bali mume na mke wanapaswa kupatana juu ya mambo yanayowafunga. Watoto wao walisimama kama mashahidi mbele ya notere. Feza ilipita benki, haikupita ndani ya mfuko. Bei tuliahidi kutoitaja. Ilitoshana na akiba yetu na ikabakiza ya makaratasi.

Kuna jambo moja makundi mengi hayalijui. Konsesyo ya kudumu inapewa mtu, Mkongomani, si chama. Kwa hiyo tuliandikisha majina yetu yote 11. Na kati yetu sisi tumeandika mapatano: mmoja akifa, sehemu yake inakwenda kwa warithi wake kufuatana na sheria, watoto wakiwa mbele. Kila mmoja alipeleka kopi nyumbani na kumsomea mume na watoto kwa sauti. Setifika mpya imetoka, na sheria inasema kwamba ikitimiza miaka 2, haki iliyo ndani yake haishambuliwi tena. Milango yote miwili ina wapangaji. Mwembe ungali umesimama.

Neno la mwisho kwa kila mama

Mukitaka kuandika, andikeni. Barua ya mkono, yenye jina la kweli na bila maneno ya ujanja, inafungua milango ambayo komisioneri hawezi kuifungua. Lakini musitume barua msiyoweza kuisoma kwa sauti mbele ya kila mtu anayelala ndani ya nyumba ile. Jibu likija haraka, na bei ikiwa ndogo, nendeni kwanza mukamwone yule anayefagia pale mlangoni.

Na wewe mama ambaye siku moja utapokea karatasi juu ya lupango yako: kama hukusoma, hiyo si haya. Mpe mtu wa kwanza akusomee, kisha mpe wa pili ambaye hakumsikia wa kwanza. Wakisema maneno mawili tofauti, usiweke kidole chako popote.

Kila siku ya nne, watoto wakisha kutoka, sisi waalimu 3 tunabaki katika kalasi kwa saa moja. Leta karatasi yoyote: ya komini, ya tribinali, ya benki, ya shemeji. Tutakusomea mara mbili, polepole, na maneno yake hayatatoka nje ya mlango.